Mkwaruzo wa Msibani Mtendeni

Ukiletewa gari lililochorwa kwa msumari, usilioshe. Najua mikono inawawasha. Mmetoka chuoni na vitambaa vyenu laini na sabuni yenye harufu ya ndimu, na jambo la kwanza mnalotaka ni kumwonyesha mteja kwamba mnajua kazi. Tulieni. Mwacheni mteja alalamike kwanza, maana atalalamika, hata awe mwanamume wa kilo mia. Mkishaosha mmefuta kila kitu, na mmebaki na mlango msafi usiosema neno.

Mimi ni Mama Kulwa. Wengi wenu mkiniona napita Isevya na kikapu mnadhani ni bibi tu anayekwenda sokoni. Nimenyoosha bodi na kupiga rangi magari ya Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuacha kwa kuchoka. Niliacha kwa sababu ya kifua. Ile tina ya kuzimulia rangi mnayoivuta bila kuziba pua, mkijiona wanaume kweli kweli, itawaletea bili yake, na mimi sitakuja kuwaona hospitali. Fundi mkuu wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani alitegemea nitaandika namba za misasa. Namba zimeandikwa nyuma ya msasa wenyewe, geuzeni msome.

Nitaandika juu ya magari yaliyoharibiwa makusudi, maana hapo ndipo mafundi wengi hujitia wazimu. Gari lililogongwa ni kazi. Gari lililochorwa ni kazi pamoja na ugomvi wa watu, na ule ugomvi una tabia ya kukuvuta uingie ndani.

Kwanza mjue kwamba mwizi na mwenye hasira ni watu wawili. Mwizi anachukua kioo cha pembeni anaondoka, hana habari na wewe, kesho atachukua cha mwenzako. Mwenye hasira hachukui kitu. Anakuachia. Atakuachia mstari, atakuachia neno, atakumwagia maji ya breki juu ya boneti, na ukiamka rangi imevimba na kukunjamana kama maziwa yaliyochemka. Hayo ya breki mkiyakuta bado mabichi, maji mengi na sabuni, tena upesi, na msisugue. Akiwa amekata tairi ubavuni, tupa, usimdanganye mwenye gari kwamba litazibwa. Na kabla hamjaliwasha hilo gari, hata kama kinachoonekana ni mkwaruzo mdogo tu, kagueni nati za magurudumu na kanyageni breki. Mtu aliyefika hadi kukuchora msumari huenda aliuanzia ubaya wake mahali pengine.

Mambo hayo sikuyasoma. Nilifundishwa na Bwana Kanji, aliyekuwa na duka la rangi karibu na soko, babu yake alikuja Tabora kuuza nguo na wao hawakuondoka tena. Alikuwa mwembamba, mkali, na miwani yake ilikuwa na alama za vidole za rangi zote alizowahi kuuza. Niliingia dukani kwake kufagia. Siku moja alinikuta nimechanganya rangi kwenye kopo kwa kijiti, nikijaribu kulinganisha na mfuniko wa tenki, akanitazama, akasema, "Wewe mama, nani amekwambia hii nyeupe?"

"Si nyeupe, Bwana Kanji?"

"Nyeupe ya ngapi? Kuna ya maziwa, kuna ya jino, kuna ya chokaa. Hii yako ni ya mgonjwa."

Sikumsikia. Nilijiona najua. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mchungaji wa Moravian, mlango mmoja tu wa kupaka, nami nikachanganya rangi jioni chini ya balbu. Asubuhi tulipoutoa juani, mlango ulikuwa wa manjano kama ukoko wa jana. Mchungaji aliuzunguka mara mbili, kisha akasema atausamehe mlango ila gari hilo hawezi kulipanda. Bwana Kanji alicheka hadi akakohoa, halafu akanifundisha: rangi hutazamwa kwa jua la asubuhi, ubavuni, si usoni. Siku hizi mna mashine inayopiga picha rangi na kukupa hesabu yake, na simu zinazojua kila kitu. Nazisifu. Mlango wangu wa ukoko usingetokea. Lakini mashine yenu haijawahi kumwambia mtu kwamba nyeupe yake ni ya mgonjwa, na kuna watu wanahitaji kuambiwa.

Jambo jingine alilokuwa akilisema kila siku, huku akinipiga kidole begani, lilikuwa hili: "Tazama chuma. Usitazame mtu. Ukitazama mtu, chuma kitakudanganya." Nililisikia mara elfu. Subirini mwone nililifanyia nini.

Bwana Kanji ndiye aliyenionyesha namna ya kuusoma mkwaruzo. Lowesha kidole, pitisha juu yake. Mstari ukipotea ukiwa umelowa, umekwaruza rangi ya juu tu ile ya kung'aa, polishi itaumaliza. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, umefika chini, hapo ni msasa na rangi upya. Tazama ulipoanzia, mara nyingi pana shimo, maana mtu huanza kwa nguvu. Ulipoishia huwa mwepesi, kama mkia. Kwa hiyo unajua mtu alitoka wapi kwenda wapi. Mkwaruzo mpya una vinyuzi vya rangi kingoni, vidogo kama vumbi la msumeno. Siku mbili tatu, akipita mtu na kitambaa, vimekwenda.

Basi nikawa najua. Na kujua kulinivimbisha kichwa.

Sifa zilianzia Ulyankulu. Kulikuwa na mkulima wa tumbaku kule, mtu mzito, alinunua gari dogo jeusi baada ya msimu mzuri, akaling'arisha mpaka unaweza kunyolea ndevu. Kila siku mlango wa nyuma ulikuwa na mikwaruzo mipya, mifupi mifupi, mamia. Akamshuku kaka yake. Wakaacha kusalimiana, wake zao wakaacha kuteka maji pamoja, na jumuiya yao ya Kanisa Katoliki ikalisali jambo hilo Jumapili mbili. Nilipoitwa nikainama, nikaona mikwaruzo yote iko usawa wa goti, yote inatoka juu kwenda chini, miwili miwili. Nikauliza kama ana jogoo. Anaye. Tukakaa kibarazani tukanywa uji, na baada ya nusu saa jogoo akaja, akajiona kwenye mlango, akapandisha manyoya, akamrukia yule jogoo mwingine kwa kucha zote mbili. Mkulima aliangua kilio, naapa. Alikwenda kwa kaka yake kwa miguu, jogoo kamshika kwapani, na jogoo huyo wakamla pamoja.

Baada ya hapo nikaitwa Mganga wa Mikwaruzo. Watu waliniletea magari si kupaka, bali kuuliza nani kafanya. Na mimi, mjinga mimi, nikawa najibu. Niliwahi kuletewa gari la mwalimu limeandikwa MUONGO kwenye buti, na juma lililofuata gari la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, neno lile lile, na O yenye kijipembe kile kile, mwandiko wa mtu mmoja. Nilipaka yote mawili nikawapangia siku mbalimbali za kuja kuchukua, wasikutane. Ila nilijiona, jamani. Nilitembea Isevya nzima kana kwamba nimeujengea ukuta mji huu.

Sasa Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa mama lishe, banda lake limepakana na gereji. Mzaramo, alikuja Tabora akimfuata mume aliyefanya kazi reli, mume akafa, yeye akabaki na sufuria zake. Mfupi, mpana, na kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kupakua wali hadi kumtimua mdeni. Nanyi mnajua, au kama simu zimewasahaulisha nawakumbusha, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee wetu walikuwa wanateremka pwani na pembe za tembo mabegani, wakipita kwao, wakilala kwao, wakizikwa kwao wakifia njiani, na toka hapo tumepewa ruhusa ya kutukanana hadi kiama. Kila asubuhi Bi Mwajuma alinipigia kelele, "Mpagazi! Leo umebeba nini?" Nami namjibu, "Nimebeba akili za Wazaramo, ndiyo maana mzigo mwepesi." Alinipa nyama yenye mfupa mtupu kusudi. Nilimwambia watu wa kwao wanacheza ngoma hadi mwali anazeeka ndani. Kwa miaka kumi na minane hatukuwahi kuulizana habari za asubuhi kama watu wa kawaida, na sikuwa na rafiki aliyemzidi.

Alipokufa Mzee Maganga wa Mtendeni, Mnyamwezi mwenzangu, Bi Mwajuma akaenda msibani kufanya kazi ya mtani. Na aliifanya! Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea akichechemea kama yeye, akamwambia mjane, "Mke wangu, mbona unalia, nimekwenda Sikonge mara moja tu kufuata asali." Mjane alicheka huku anafuta machozi, na ndiyo maana ya mtani, msiba usimmeze mtu mzima mzima. Jeneza lilipotaka kutoka akalala mlangoni. Kisha akaona gari la mkwe wa marehemu, gari dogo la bluu iliyoiva, linametameta nje ya uzio, akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Na hilo gari la mkwe wangu haliondoki bila mimi kulitia chanjo!"

Mkwe huyo aliitwa Edwin, kijana wa benki, amelelewa mijini, amehamia Tabora mwaka ule. Utani aliujua wa kwenye simu. Mkewe, binti wa Mzee Maganga, alikuwa pale msibani siku ya tatu analala jamvini na mama yake. Edwin alikuja siku ya mazishi tu, peke yake, gari limeoshwa na kupigwa polishi.

Tulipotoka makaburini, mke akaenda kuweka shuka zake garini, upande wa abiria, akapiga ukelele. Mstari mmoja, kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, chini ya vitasa. Edwin akaja mbio. "Nani kachora gari langu?"

Bi Mwajuma alikuwa anapakua pilau, bado na kofia ya marehemu. Hakugeuka hata. "Mimi! Na bado upande wa pili, sijamaliza!"

Uwanja mzima ukacheka. Mtani akiulizwa nani kala, husema mimi. Nani kaiba, mimi. Nani kamuua huyu mnayemzika, mimi, tena kwa fimbo. Kazi yake ni kubeba kila kitu. Edwin hakucheka.

"Mwiteni Mama Kulwa," mtu akasema. "Mganga yuko hapa."

Nikasogea. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoharibu. Sikupitisha kidole. Sikupitisha ukucha. Nilisimama hatua tatu, mikono kiunoni, watu kama arobaini wananitazama, nikaona shimo mbele na mkia nyuma, nikasema kwa sauti ya shehe wa Ijumaa: "Aliyefanya hivi alitoka mbele kwenda nyuma. Gari lilikuwa kushoto kwake. Ametumia mkono wa kushoto. Na mstari uko chini, kwa hiyo ni mtu mfupi."

Macho yote yakaenda kwenye upawa wa pilau, uliokuwa mkono wa kushoto wa mwanamke mfupi. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Bi Mwajuma akainua upawa juu kama bendera. Na mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimempata mtani wangu mbele ya kadamnasi. Ila nisiwadanganye, sikuwa natania tu. Nusu yangu iliamini. Nilikuwa nimelitaja jibu na jibu lilinipendeza.

Kesho yake asubuhi Edwin alikwenda polisi. Alikuwa na mtu aliyetishia, aliyekiri mbele ya watu arobaini, na fundi mkongwe aliyethibitisha. Kwa karatasi, kesi ilikuwa imeshiba. Wakamchukua Bi Mwajuma bandani kwake, sufuria ya maharage ikiwa motoni, mimi nikiwa nimekwenda stesheni kupokea makopo ya rangi. Niliporudi maharage yalikuwa yameungua, na majirani wakanitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea.

Nilifika kituoni nikahema. Bi Mwajuma alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya kaunta, bila kanga ya juu, viatu wamemvua. Hakuniangalia. Afande wa zamu alikuwa mtu mzima, mtaratibu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye fundi? Vizuri, tulikuwa tunakusubiri uandike maelezo."

"Marahaba. Afande, huyu ni mtani. Msibani mtani husema mimi."

"Hilo nalijua, mama, hata mimi nina watani. Lakini wewe si mtani kwa gari. Mlalamikaji anasema ulilikagua ukataja mkono na kimo." Akafungua daftari. "Umesema mfupi, mkono wa kushoto. Ulisema au hukusema?"

Nilisema. Kila mtu alinisikia nikisema. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, si ya mlango wa ukoko, ni nyingine kabisa.

Nikaomba nilione gari. Lilikuwa uani pale kituoni, jua la asubuhi limelipiga ubavuni kama Bwana Kanji mwenyewe kalipanga. Edwin akasimama pembeni kakunja mikono. Nikapiga magoti. Nikalowesha kidole, nikapitisha. Nikapitisha ukucha. Halafu nikaona kitu ambacho hata yule mwenye kufagia dukani kwa Kanji angekiona siku ya kwanza. Ndani ya mkwaruzo, kote kuanzia taa hadi mwisho, palikuwa na unga mweupe umekauka. Polishi. Polishi huingia kwenye ufa, kitambaa hakifiki kuitoa, inakauka humo. Na vile vinyuzi vya rangi kingoni havikuwepo, vilishafutwa.

"Mwanangu," nikamwambia Edwin, "gari hili lilipigwa polishi lini?"

"Jana asubuhi. Kabla ya kwenda msibani."

"Na baada ya hapo?"

"Halijaguswa."

Nikamwita afande. Nikamkwangulia ule unga kwa njiti ya kiberiti, nikamwonyesha kwenye kiganja. Nikamweleza: anayechora baada ya polishi huacha ufa mtupu, bluu na chuma. Huu ulikuwepo kabla polishi haijapita. Kwa hiyo gari lilifika Mtendeni likiwa tayari limechorwa, na Bi Mwajuma hakuligusa. Afande akatuma mtu kwa vijana wanaoosha magari. Aliyeliosha akaja, akasema bila kuzungushwa kwamba mstari aliuona, akaogopa akisema ataambiwa ni yeye. Edwin hakuuona kwa sababu upande ule nyumbani kwake unaelekea ukutani, naye huingilia upande wa dereva.

"Na ule mkono wa kushoto, mama?" afande akaniuliza.

"Mtu yeyote aliyeshika ndoo mkono wa kulia, wa kwake ulio huru ni wa kushoto. Na mkono ukining'inia, wa mrefu na wa mfupi yote hufika chini ya kitasa. Nilisema ili watu wacheke. Sikukagua. Andika hivyo, afande. Andika kwamba fundi alisema bila kutazama."

Aliandika. Nikatia dole gumba chini yake. Sifa zangu zote za miaka zilimalizika kwenye mstari ule mmoja wa kalamu ya bluu, na zilistahili.

Kisha afande akamgeukia Edwin, kwa upole kabisa. "Basi kijana, tufungue upya. Mkeo alikuwa msibani siku tatu. Hizo siku tatu gari lililala wapi, na nani alikaa kiti hicho cha abiria?"

Edwin akaomba maji ya kunywa. Akanywa glasi nzima. Akasema, unajua afande, ni mkwaruzo tu, naona niache. Baadaye alilileta gari kwangu akaniambia, "Funika tu, mama." Nikafunika. Mkewe alinifuata siku moja akitaka kujua nilichokiona, nikamwambia mimi ni fundi wa rangi. Nanyi mkiulizwa jibuni hivyo hivyo.

Lakini si hilo lililokuwa linaniuma. Bi Mwajuma aliporudishiwa viatu, alivivaa taratibu, akajifunga kanga, akanijia pale kaunta. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka yale matusi kama mtu anavyotaka maji. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Asante sana, Mama Kulwa, kwa kuja. Polisi walinisomea maneno yako. Yameandikwa vizuri." Kisha akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Ninyi vijana huenda hamwelewi. Mtani akikushukuru kwa adabu, amekufungia mlango. Kuanzia siku ile kila asubuhi aliniita Mama Kulwa, akaniuliza nimeamkaje. Alinipa nyama nzuri, laini, bila mfupa, nikawa siwezi kuimeza. Nilimtupia utani wa ngoma na wa mwali, akatabasamu akasema, "Haya, mama." Nilimpelekea kanga mpya na kilo mbili za sukari, nikamwomba msamaha kwa magoti, jikoni kwake, mbele ya wateja. Akanyanyua kanga, akaisoma, akasema nimejisumbua bure, hakuna kitu moyoni. Nikarudi gereji nikapiga msasa mlango mmoja mpaka nikatoboa.

Ilikuwa hivyo miezi saba. Nilijaribu kuzoea. Wengine waliniambia ni mwanamke tu wa bandani, achana naye. Niliona kwamba wao hawajawahi kutukanwa na mtu anayewapenda.

Halafu siku moja mchana, nimeegesha pikapu yangu mbele ya banda lake. Nilikuwa nimeipaka mwenyewe juma lile, nyekundu, mikono minne ya rangi, ilikuwa bado inanukia. Nipo chini ya gari la mteja, nikasikia sauti ambayo fundi wa rangi haisahau, ile ya chuma kinachoburuzwa juu ya rangi, polepole, bila haraka yoyote. Nikajitoa pale chini, nikatoka nje na glovu zangu.

Bi Mwajuma alikuwa anatembea ubavuni mwa pikapu kama bibi harusi, kijiko cha chuma mkononi kimegeuzwa mpini, anachora kutoka taa ya mbele. Aliniona, akaniangalia usoni, hakusimama. Akapita mlango. Akapita kitasa. Akafika bodi ya nyuma, akamalizia na mkia, akarudi hatua mbili kuangalia kama umenyooka.

"Huu ndio wangu!" akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Umeuona? Mwenye macho ya mkopo wewe, kazi kuchovya vidole kwenye makopo! Huu nimeuchora mimi Mwajuma, mchana kweupe, kwa akili zangu zote! Nenda kaandike!"

Nilikuwa nalia, tena kwa sauti, na glovu zangu za rangi nimezishika usoni nikajipaka nyekundu mashavu yote mawili. Yeye akaanza kucheka, akaketi kwenye ngazi ya banda, akacheka hadi kofia yake ya jua ikamdondoka, na mimi nikapata sauti nikamtukana yeye, na babu yake, na minazi ya kwao yote mmoja mmoja. Wateja waliacha sahani zao wakaja kutuamulia, wakidhani tunagombana. Hakuna aliyepata chakula kabla ya saa tisa siku ile, maana mpishi alikuwa anajibu.

Msasa ninao na rangi ile ile nyekundu ninayo, kopo zima. Ule ubavu sijaugusa.